Kutetea Pensheni za Watumishi wa Umma: Mwongozo Kamili kwa Chama cha Wafanyakazi

Serikali inapotaka kupunguza pensheni za watumishi wake, ni nadra kulitumia neno kupunguza. Husema kuboresha, kuoanisha au kufanya mfuko uwe endelevu, na pendekezo hukifikia chama likiwa na majedwali mengi na siku chache za kutoa maoni. Mwongozo huu ni wa viongozi wa matawi na waandaaji wa vyama wanaojikuta katika hali hiyo, na unafuata mtiririko wa kampeni kuanzia siku pendekezo linapotangazwa hadi baada ya makubaliano kutiwa saini. Msimamo wangu niuweke wazi tangu mwanzo: pensheni ni mshahara ambao mfanyakazi ameshaufanyia kazi, ila amekubali kuupokea baadaye. Kampeni ya kuutetea mshahara huo husimama au kuanguka kwa mambo mawili, yaani kama kila mwanachama anaijua hesabu yake mwenyewe, na kama chama kinakataa kuwatoa vijana ili kuwaokoa wazee.

Hatua ya kwanza: Lisome pendekezo lenyewe

Tafuta muswada au rasimu ya kanuni, wala usitosheke na taarifa kwa vyombo vya habari. Upunguzaji wa pensheni hufichwa katika vifungu vya fasili na viambatisho, na chama kinachojibu hotuba ya waziri badala ya maandishi ya sheria hujikuta kikipinga jambo ambalo halimo na kuliacha lile lililomo. Teua watu wawili au watatu wenye subira, mmoja wao awe mhasibu ikiwezekana, wasome kila kifungu na kuandika kwa lugha nyepesi kinachobadilika, kinamgusa nani na kinaanza lini.

Yapo maeneo machache ambayo karibu kila mageuzi ya pensheni hupitia. Umri wa kustaafu na kiwango cha mchango huonekana kwa urahisi, na ndiyo maana mjadala wote huelekea huko. Angalia pia mshahara unaotumika kukokotoa, kwa kuwa kuna tofauti kubwa kati ya mshahara wa mwisho na wastani wa mishahara ya maisha yote ya kazi, hasa kwa mtu aliyeanza ngazi ya chini na kupanda. Angalia sehemu ya mwaka ya ulimbikizaji, yaani sehemu ya mshahara ambayo kila mwaka wa utumishi huongeza katika pensheni: mtumishi wa miaka 30 anayelimbikiza 1/60 kwa mwaka hustaafu na nusu ya mshahara wa kukokotolea, na sehemu hiyo ikishushwa kuwa 1/80 kwa utumishi wote anabaki na asilimia 37.5. Angalia mkupuo, yaani fedha zinazolipwa kwa pamoja mtu anapostaafu, na kiasi kinachobaki kulipwa kila mwezi, mafao ya mjane, mgane na watoto, na masharti ya anayeacha kazi kabla ya umri.

Lipo eneo moja ambalo wanachama hulipita haraka na ambalo kwa maoni yangu ndilo hatari kuliko yote, nalo ni namna pensheni inavyoongezwa kufuatana na kupanda kwa bei. Kuanzia Aprili 2011 serikali ya Uingereza ilibadilisha kipimo cha mfumuko wa bei kinachotumika kupandisha pensheni za umma, ikaacha kile cha zamani na kuchukua kingine ambacho kwa kawaida huonyesha ongezeko dogo zaidi. Hakuna aliyekatwa senti siku hiyo. Lakini fanya hesabu: pensheni inayopanda kwa asilimia 2 kwa mwaka badala ya asilimia 3 itakuwa pungufu kwa karibu asilimia 18 baada ya miaka 20, na hasara hiyo humwangukia mstaafu akiwa katika umri ambao hawezi tena kurudi kazini kuifidia.

Mwisho, tambua kama pendekezo linarekebisha mfumo uliopo au linaubadilisha kabisa. Katika mfumo wa mafao yaliyoahidiwa, sheria humwahidi mfanyakazi kiasi kinachotokana na miaka na mshahara wake, na mwajiri ndiye anayebeba hatari ya uwekezaji kwenda vibaya. Katika mfumo wa akaunti binafsi, kinachoahidiwa ni mchango tu, na hatari yote huhamia kwa mfanyakazi. Kenya ilianza mwaka 2021 kuwaingiza watumishi wa umma walio chini ya miaka 45 katika mpango wa kuchangia, ambamo mtumishi hukatwa asilimia 2 ya mshahara wa msingi mwaka wa kwanza, asilimia 5 mwaka wa pili na asilimia 7.5 kuanzia wa tatu, huku serikali ikichangia asilimia 15. Mabadiliko ya aina hiyo huenda yakawa na hoja zake, lakini chama hakiwezi kuyajadili kana kwamba ni suala la viwango pekee. Swali la kwanza kuuliza ni nani atakayebeba hasara soko likianguka mwaka mmoja kabla ya mtu kustaafu.

Hatua ya pili: Dai hesabu za mfuko

Serikali itasema mfuko hauwezi kubeba mzigo. Huenda ni kweli, na huenda sivyo. Kwa vyovyote vile usilikubali wala kulikataa neno hilo kabla ya kuiona tathmini ya watakwimu bima, yaani wataalamu wanaokokotoa kama fedha za mfuko zitatosha kulipa mafao ya baadaye. Andika barua rasmi kuomba tathmini ya mwisho, makadirio yaliyotumika kuhusu umri wa kuishi, mapato ya uwekezaji na ukuaji wa mishahara, pamoja na orodha ya madeni ambayo mfuko unaidai serikali na taasisi zake. Mara nyingi tatizo la mfuko hugundulika kuwa mwajiri hakuwasilisha michango kwa wakati, au fedha ziliwekwa katika miradi isiyolipa, na hapo hoja ya kumtaka mfanyakazi afidie pengo hubadilika sura yote.

Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, ni silaha ambayo vyama huisahau. Unataka mahesabu ya kitakwimu yafanywe kabla ya mabadiliko yoyote ya mafao au viwango vya michango. Unataka wawakilishi wa wanachama washiriki katika uendeshaji pale ambapo mfuko hausimamiwi na idara ya serikali yenyewe wala na taasisi inayodhibitiwa na mamlaka za umma. Na unaweka pensheni ya uzeeni isiyopungua asilimia 40 ya mapato ya awali kwa mchangiaji wa mfano, anayetumika kama kipimo cha hesabu, mwenye miaka 30 ya michango. Thibitisha kwanza kama nchi yako imeuridhia, na kama imeikubali sehemu ya pensheni ya uzeeni, kwa sababu hauzifungi nchi ambazo hazijafanya hivyo, ingawa hata huko unabaki kuwa kipimo ambacho waziri hupata shida kukibeza mbele ya wabunge.

Soma pia ripoti za upande wa pili kwa makini, kwani huwa na hoja zako ndani yake. Tume iliyoongozwa na John Hutton nchini Uingereza, ambayo ripoti yake ya Machi 2011 ilikuwa msingi wa mageuzi ya huko, ilionyesha yenyewe kwamba gharama ya pensheni za umma ilitarajiwa kushuka kutoka takriban asilimia 1.9 ya pato la taifa hadi takriban asilimia 1.4 kufikia mwaka 2060. Vyama viliitumia takwimu hiyo kwa miezi mingi, na nguvu yake ilitokana na kwamba haikutungwa na chama.

Hatua ya tatu: Kila mwanachama aijue hesabu yake

Hapa ndipo ninapowasihi viongozi watumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Nimewahi kukaa katika mkutano wa tawi ambao msemaji wetu alieleza asilimia na sehemu kwa saa nzima, ukumbi ukiwa kimya kabisa, hadi mama mmoja aliyekuwa nyuma akasimama na kuuliza, "Mimi binafsi nitapoteza kiasi gani?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumejiandaa kuujibu mjadala wa kitaifa, na hatukuwa tumejiandaa kumjibu yeye, na wiki ile ndiyo tuliyobadilisha namna yetu ya kufanya kazi.

Tengeneza karatasi moja, upande mmoja tu. Mwanachama aandike umri wake, miaka ya utumishi na mshahara wa sasa. Chini yake ajaze pensheni ya mwezi na mkupuo anaotarajia kwa sheria iliyopo, kisha kwa pendekezo jipya, kisha tofauti. Kwa mchango unaopanda, ajaze kiasi kitakachokatwa zaidi kila mwezi kuanzia sasa, kwa kuwa hicho ndicho atakachokihisi mapema na ndicho kitakachomgusa kijana ambaye kustaafu bado ni jambo la mbali. Karatasi hiyo iambatane na jedwali la mifano minne au mitano: aliyeajiriwa juzi, aliye katikati ya kazi, aliyebakiza miaka michache, anayefanya kazi kwa muda mfupi wa siku, na aliyekatiza utumishi ili kulea. Wanawake wengi huangukia mifano hiyo miwili ya mwisho, na mageuzi ya pensheni huwaumiza kwa namna ambayo wastani wa jumla hauionyeshi.

Jedwali hilo lipitiwe na mtaalamu kabla halijatoka. Tenganisha haki zilizokwisha kulimbikizwa na zile za utumishi ujao, maana mara nyingi sheria mpya hugusa za mbele tu, na ukimwambia mtu atapoteza mara mbili ya atakachopoteza kweli, mwajiri atalitumia kosa hilo hadi mwisho wa kampeni. Hesabu iliyotiwa chumvi hudhuru kuliko kukosa hesabu.

Kisha karatasi zijazwe ana kwa ana. Kila mwakilishi apewe watu 15 hadi 20 wa kuzungumza nao mmoja mmoja, sehemu ya kazi, wakati wa mapumziko. Ujumbe wa simu unafaa kumkumbusha mtu tarehe ya mkutano. Haufai kumfanya akubali kupoteza mshahara wa siku kwa ajili ya mgomo. Mwakilishi asikilize zaidi ya anavyosema, aandike majibu, na amalizie kwa kumwomba mwenzake jambo moja dogo, kama vile kutia saini, kuja mkutanoni au kumletea mtu ambaye hajajiunga. Kutokana na majibu hayo chora ramani ya kila kitengo: nani ni mwanachama, nani si mwanachama, nani anasikilizwa na wenzake hata kama hana cheo. Vitengo vitakavyobaki vyeupe kwenye ramani ndivyo vya kuanzia wiki inayofuata. Pensheni ni hoja nzuri ya kuandikisha wanachama wapya, kwa kuwa inamgusa kila mwajiriwa, na chama kisichotumia msimu huo kukua kitakuwa kimepoteza nafasi.

Hatua ya nne: Andika madai yasiyogawa vizazi

Madai yawe machache, yasizidi manne, na yaandikwe kwa namna ambayo mwanachama anaweza kuyasema bila karatasi. Yapitishwe na matawi kabla ya mazungumzo, ili wajumbe waende mezani wakiwa na mamlaka.

Jihadhari na ofa moja ambayo hurudi katika kila nchi: walio karibu kustaafu waachwe katika mpango wa zamani, na vijana pamoja na wasioajiriwa bado waingie katika mpya. Ofa hiyo huvutia kwa sababu viongozi wengi wa vyama wenyewe wako karibu kustaafu. Mnamo Novemba 2011 serikali ya Uingereza iliahidi kuwalinda waliobakiza miaka 10 au chini kufikia umri wa kustaafu, na ulinzi huo ukaingia katika mipango mipya iliyoanza mwaka 2015. Majaji na wazimamoto vijana walikwenda mahakamani, wazimamoto wakiungwa mkono na chama chao, na Desemba 2018 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba kuwatofautisha watumishi kwa namna ile kulikuwa ubaguzi wa umri. Serikali ililazimika kurekebisha mipango ya utumishi wa umma kwa mamilioni ya watu. Zaidi ya sheria, kuna hesabu ya nguvu: wafanyakazi walioachwa nje leo ndio watakaoombwa kugoma baada ya miaka kumi kutetea pensheni ambayo wao hawana.

Hatua ya tano: Unganisha vyama, kisha zungumza na umma

Walimu, wauguzi, watumishi wa halmashauri na wa wizara huwa katika vyama mbalimbali, na wakati mwingine katika mifuko mbalimbali. Unda kamati ya pamoja mapema, kabla ya mgogoro kukolea, na mkubaliane kwa maandishi mambo mawili: hakuna chama kitakachotia saini peke yake bila kuwaarifu wenzake, na msemaji atakuwa nani. Mgomo wa tarehe 30 Novemba 2011 nchini Uingereza uliviunganisha vyama takriban 30, lakini mwezi uliofuata baadhi vilikubali mfumo wa makubaliano na vingine vikakataa, na baada ya hapo haikuwezekana tena kuurudisha umoja ule.

Kuhusu umma, swali gumu litakuwa hili: kwa nini mlipa kodi asiye na pensheni alipie ya mtumishi wa umma? Usilikwepe wala usilijibu kwa hasira. Eleza kwamba mtumishi huchangia kutoka mshahara wake pale mpango unapotaka hivyo, na kwamba mara nyingi alikubali mshahara mdogo kwa ahadi ya uzee wenye uhakika. Toa kiwango halisi cha pensheni ya mfanyakazi wa kawaida, kwa kuwa watu hudhani wote wanalipwa kama makatibu wakuu. Kisha nenda mbali zaidi: chama kidai waziwazi pensheni bora kwa wafanyakazi wa sekta binafsi. Historia ya Ufaransa inafundisha kwa nini. Mwaka 1993 serikali ilipandisha miaka ya kuchangia kwa wafanyakazi wa sekta binafsi kutoka 37.5 hadi 40, bila upinzani mkubwa. Mwaka 1995 wafanyakazi wa umma, wakiongozwa na wa reli, walisimamisha nchi kwa wiki tatu na zaidi hadi Waziri Mkuu Alain Juppé akauondoa mpango wake kuhusu pensheni zao. Hata hivyo mwaka 2003 watumishi wa serikali nao walipelekwa kwenye miaka 40, na hoja iliyotumika ilikuwa usawa na wenzao wa sekta binafsi. Pale ambapo hukumtetea jirani, hali yake itageuzwa kuwa kipimo chako.

Hatua ya sita: Mazungumzo mezani

Omba ratiba ya mazungumzo kwa maandishi, na uhifadhi barua zote, kwa sababu katika nchi nyingi kutoshirikishwa ipasavyo ni hoja ya kisheria. Mkataba namba 151 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1978, unahusu mahusiano ya kazi katika utumishi wa umma na unatambua majadiliano, upatanishi na usuluhishi kama njia za kumaliza migogoro.

Peleka timu ndogo yenye mtu wa hesabu, mtu wa sheria na angalau mfanyakazi mmoja ambaye bado yuko kazini. Kila kikao kifuatwe na taarifa fupi kwa wanachama ndani ya siku moja, hata kama hakuna kilichosogea. Ukimya wa viongozi huzaa tetesi za kusalitiwa. Usikubali masharti ya usiri yanayowazuia kueleza yaliyotolewa kama ofa. Na kila ofa mpya ipitishwe tena katika karatasi ile ya hatua ya tatu, ili muone nani ameokolewa na nani ameachwa.

Hatua ya saba: Kura na mgomo

Mgomo wa watumishi wa umma umezungukwa na sheria nyingi, kwa hiyo mwanasheria ashirikishwe kabla ya tangazo lolote. Hakikisheni kwamba usuluhishi wa lazima umefanyika na cheti chake kipo, daftari la wanachama limesahihishwa, swali la kura limeandikwa kama sheria inavyotaka, na notisi imetolewa kwa siku zinazotakiwa. Mgomo hupigwa marufuku na mahakama kwa dosari ndogo za karatasi mara nyingi kuliko kwa kukosa haki. Vyombo vya usimamizi vya Shirika la Kazi Duniani vimeshikilia kwamba haki ya kugoma inaweza kuzuiwa kwa watumishi wanaotekeleza mamlaka ya dola na kwa huduma ambazo kusimama kwake huhatarisha maisha, usalama au afya ya watu. Sheria ya nchi inaweza kuwa kali zaidi ya hapo, na hiyo ndiyo itakayotumika siku ya kwanza. Katika hospitali, tangazeni wenyewe mpango wa huduma za dharura kabla hamjaulizwa.

Pimeni nguvu kwa hatua ndogo kwanza. Siku ya kuvaa beji, barua iliyotiwa saini na kitengo kizima, mkusanyiko wa saa ya chakula, kukataa saa za ziada pale sheria inaporuhusu: kila hatua iwaonyeshe ni wangapi walioshiriki na katika vitengo gani. Ikiwa theluthi moja tu wametia saini barua, wasiombwe kugoma mwezi ujao. Anzeni pia mfuko wa kuwasaidia wenye kipato cha chini watakaokatwa mshahara, na masharti yake yatangazwe kabla ya kura.

Msitegemee ukubwa wa maandamano peke yake. Mwaka 2023 vyama vikuu vyote vinane vya Ufaransa vilisimama pamoja dhidi ya kupandisha umri wa kustaafu kutoka 62 hadi 64, na watu walijaa barabarani wiki baada ya wiki, lakini serikali ilitumia kifungu cha katiba kinachoruhusu kupitisha sheria bila kura ya mwisho ya wabunge, na sheria ikatangazwa Aprili mwaka huo. Kampeni lazima iende bungeni pia. Kila mbunge atembelewe na watumishi wa jimbo lake, wakiwa na idadi ya watumishi na wastaafu wanaopiga kura huko pamoja na maswali mawili yanayohitaji jibu la ndiyo au hapana, na jibu lake litangazwe.

Hatua ya nane: Ofa ya mwisho na yanayofuata

Ofa ya mwisho ipelekwe kwa wanachama ikiwa na maandishi kamili, hesabu mpya na maoni ya viongozi yasiyofichwa. Sema kilichopatikana na kilichopotea. Kama mnapendekeza ikubaliwe kwa sababu nguvu zimeisha, semeni hivyo. Wanachama husamehe udhaifu kuliko wanavyosamehe kudanganywa.

Msichukulie kusitishwa kwa pendekezo kuwa ndio mwisho. Nchini Tanzania, baada ya mifuko ya watumishi wa umma kuunganishwa mwaka 2018, kanuni mpya ziliweka mkupuo wa asilimia 25, wakati wanachama wa baadhi ya mifuko ya zamani walikuwa wakipata asilimia 50. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Desemba mwaka huohuo Rais John Magufuli alisitisha kikokotoo hicho, yaani kanuni ya kukokotolea mafao. Suala lilirudi mezani, kikokotoo kipya cha asilimia 33 kikaanza Julai 2022, na mwaka 2024 serikali ikapandisha kiwango hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata nusu. Kila mwendo kati ya hiyo uliwahitaji watu wenye hesabu mkononi.

Kwa hiyo, mgogoro ukitulia, kamati ya pensheni isivunjwe. Ipewe kazi ya kufuatilia kila mwezi kama mwajiri anawasilisha michango, kuwaandaa wajumbe wa chama katika bodi ya wadhamini kwa mafunzo ya uwekezaji, na kuandikisha wastaafu katika tawi lao wenyewe wakiwa na haki ya kusema. Tarehe ya tathmini ijayo ya mfuko iandikwe katika kalenda ya chama, na ombi la nakala yake litumwe miezi sita kabla ya siku hiyo.